Nimepungua kilo 9, mbona njaa imezidi?

Swali: Msomaji wa Makorora, Tanga, mwenye miaka 38, anauliza: "Kwa miezi mitano nimeshuka kutoka kilo 86 hadi 77 kwa kupunguza wali, chapati na soda. Sasa njaa ninayoisikia ni kubwa kuliko nilipokuwa mnene. Kinachonishangaza, Ramadhani njaa hunisumbua siku chache za mwanzo kisha hupoa, lakini hii haipoi. Mama yangu naye ana pumu, na kila akipewa prednisolone anakula hata usiku wa manane. Kuna duka linauza vidonge wanavyoviita vya leptini. Vitanifaa? Na njaa hii inatoka tumboni au kichwani?"

Jibu: Inatoka kichwani, dada yangu, ila kichwa hupata habari zake kutoka tumboni, kwenye utumbo, kwenye kongosho, kwenye mafuta ya mwili na kwenye tezi. Habari hizo husafiri kwa damu, nazo ndizo homoni. Njaa yako, ya mama na ya Ramadhani zote huishia kwenye seli zilezile za ubongo, lakini kila moja inasukumwa zaidi na homoni yake. Ndiyo maana moja hupoa na nyingine haipoi.

Chini kabisa ya ubongo, juu kidogo ya tezi ya pituitari, kuna sehemu iitwayo haipothalamasi. Ndani yake mna kiini kidogo, yaani fungu la seli, kiitwacho kiini cha arkuati. Sehemu kubwa ya ubongo inalindwa na kuta za mishipa ya damu zisizopitisha vitu ovyo, ila jirani na kiini hiki kuta hizo zina matundu, kwa hiyo homoni zilizomo kwenye damu hufika kwa wepesi. Hapo kuna makundi mawili ya neuroni (seli za neva) yenye kazi zinazopingana.

Kundi la kwanza hutengeneza peptidi (protini fupi) mbili za njaa: NPY, yenye asidi amino 36, na AgRP. Kundi la pili hutengeneza protini ndefu iitwayo POMC. Protini hiyo haifanyi kazi ikiwa nzima. Hukatwakatwa na vimeng'enya, na kipande kimoja chenye asidi amino 13, alfa-MSH, ndicho kinacholeta shibe. (Ukatwaji hutegemea mahali: POMC hiyohiyo ikiwa kwenye pituitari hukatwa kuwa ACTH, homoni inayoziamuru tezi za juu ya figo zitoe kortisoli. Tutaikuta kortisoli tukifika kwa mama.)

Makundi yote mawili yanagombea kipokezi kimoja, MC4R, kilichoko hasa kwenye sehemu nyingine ya haipothalamasi. Alfa-MSH ikikishika, hamu ya kula hupungua na mwili hutumia nishati zaidi. AgRP ikikishika hufanya mambo mawili: huizuia alfa-MSH isipate nafasi, na hukinyamazisha kipokezi kisifanye hata ile kazi ndogo kinachoifanya chenyewe bila kuguswa. NPY hupitia vipokezi vyake, Y1 na Y5, na athari yake ni ya haraka. AgRP huchelewa kidogo lakini hukaa: dozi moja ikiwekwa kwenye ubongo wa panya, ulaji huongezeka kwa siku kadhaa. Tena neuroni za njaa zina nyuzi zinazofika moja kwa moja kwenye neuroni za shibe na kumwaga GABA, kemikali inayozizima. Shibe haina nguvu ya namna hiyo dhidi ya njaa. Mashindano hayo hayakuwekwa sawa tangu mwanzo, na asiyelijua hilo atajilaumu kwa jambo ambalo si uzembe.

Sasa leptini. Hutolewa na seli za mafuta, kwa kiasi kinacholingana na mafuta yaliyopo. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kwa kuchunguza panya waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa na kasoro, ambao hula bila kukoma. Leptini ikifika kwenye kiini cha arkuati hushika kipokezi chake, kimeng'enya JAK2 huamka, nacho huiwasha protini iitwayo STAT3. STAT3 huingia kwenye kiini cha seli na kubadilisha usomaji wa jeni: jeni ya POMC husomwa zaidi, ya AgRP husomwa kidogo. Insulini ya kongosho husaidia kwa njia nyingine. Huifukuza nje ya kiini cha seli protini FOXO1, ambayo kazi yake ni kuipandisha AgRP na kuikandamiza POMC. Kwa hiyo homoni hizi hazibonyezi tu seli ziwake au zizime; hubadilisha kiasi cha peptidi kinachotengenezwa, na hilo ni jambo la saa na siku. Ndiyo maana mlo mmoja mkubwa hauondoi njaa ya wiki nzima.

Leptini ni daftari la ghala, si la jikoni. Ubongo hauangalii ulikula nini mchana. Unaangalia akiba ilivyo leo ukilinganisha na ilivyokuwa. Na hulisoma daftari hilo kwa upendeleo. Akiba ikiongezeka, leptini hupanda, lakini seli hujizoesha: STAT3 ikifanya kazi sana huzalisha protini SOCS3, nayo huifunga njia ya JAK2. Ulipokuwa na kilo 86 leptini yako ilikuwa juu, ubongo ukawa umeizoea. Ikipungua, hakuna mazoea. Kushuka kwa leptini husomwa kama hatari: AgRP na NPY hupanda, POMC hushuka, na mwili hubana matumizi ya nishati. Zaidi ya hayo, unapokula pungufu leptini hushuka haraka kuliko mafuta yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka Melbourne, Australia, ulifuatilia watu 50 waliokula chakula cha nishati ndogo sana kwa wiki 10. Uzito ulishuka kwa takriban asilimia 14, lakini leptini ilishuka kwa karibu theluthi mbili. Mwaka mmoja baadaye leptini ilikuwa bado chini ya pale ilipoanzia, grelini (homoni ya njaa itokayo tumboni) ilikuwa bado juu, na njaa waliyoisema watu wenyewe ilikuwa bado juu.

Wewe umepungua zaidi kidogo ya asilimia 10 ya uzito. Njaa unayoisikia ndiyo inayotarajiwa. Na usidanganyike kwamba ungepungua taratibu ubongo usingetambua. Waliopungua polepole nao leptini hushuka na grelini hupanda.

Kuhusu vidonge vya dukani: usivinunue. Leptini ni protini ya asidi amino 146. Ukiimeza, pepsini ya tumbo na tripsini ya utumbo huikata kama zinavyoikata protini ya samaki, isibaki hata chembe ya kufika kwenye ubongo. Leptini ya hospitali ipo, ni ya sindano, na kazi yake ni kutibu upungufu mkubwa wa leptini, kama wa watu ambao miili yao haina mafuta ya kawaida ya kuihifadhi akiba. Watoto waliozaliwa bila leptini, walioelezwa na watafiti wa Cambridge mwaka 1997, walikuwa na njaa isiyokatika, na sindano hiyo iliwageuza kabisa. Kwa mnene wa kawaida aliyeongezewa leptini juu ya leptini nyingi aliyonayo, matokeo yalikuwa hafifu. Tatizo kwake si uchache wa homoni bali usikivu wa seli.

Njaa ya Ramadhani ni habari nyingine, na mhusika wake mkuu ni grelini. Hii hutolewa na ukuta wa tumbo, ina asidi amino 28, na iligunduliwa Japani mwaka 1999. Haifanyi kazi mpaka ibandikwe mnyororo mfupi wa mafuta kwenye asidi amino ya tatu. Hushika neuroni za NPY na AgRP moja kwa moja na kuziamsha. Grelini hupanda kabla ya mlo na kushuka ndani ya saa moja hivi baada ya kula. Jambo la kuzingatia ni kwamba hupanda kwa saa ulizojizoesha kula, si kwa sababu tumbo ni tupu. Watu waliokaa saa 33 bila chakula, grelini yao ilipanda nyakati za milo yao ya kawaida kisha ikashuka yenyewe, ingawa hawakutia kitu mdomoni.

Hapa Tanga mchana wa funga huwa wa saa 13 na kitu, karibu sawa kila mwaka kwa kuwa tuko jirani na ikweta, na daku na futari huwa kwa saa zilezile siku baada ya siku. Siku za mwanzo grelini bado inakuja saa nne asubuhi na saa saba mchana kama ulivyoizoesha. Baada ya siku kadhaa hujipanga upya kufuata magharibi na alfajiri, na mchana unakuwa mwepesi. Ndiyo sababu pia baada ya Idi hugutuka usingizini saa ya daku ukiwa na njaa kwa siku kadhaa. Saa ya grelini hufundishika. Daftari la leptini halifundishiki kwa ratiba, na hapo ndipo tofauti ya njaa zako mbili ilipo.

Zipo pia homoni za utumbo zinazoleta shibe ya mlo. Mafuta na protini zikifika mwanzo wa utumbo mdogo, CCK hutoka na kupeleka habari kwenye shina la ubongo kupitia neva vagasi. Chakula kikisonga mbele, seli za sehemu za chini za utumbo hutoa PYY na GLP-1. PYY hushika kipokezi Y2 kilichoko kwenye neuroni za NPY na kuzipunguza kasi. GLP-1 huamsha POMC, na huzituliza neuroni za AgRP kwa kupitia seli nyingine. Lakini GLP-1 ya mwili huvunjwa ndani ya dakika 2 hivi. Semaglutide, dawa ya sindano inayosemwa sana siku hizi, ni nakala yake iliyorekebishwa ikae damuni: nusu yake hubaki baada ya wiki moja. Katika jaribio kubwa la wiki 68, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito. Walipoacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya walichopunguza, kwa sababu ile ile ya daftari. Ni dawa ya daktari, ya kutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia. Kalamu ya sindano iliyokaa kwenye rafu ya duka katika joto la Tanga, achana nayo hata kama lebo ni nzuri.

Twende kwa mama. Prednisolone ni ndugu wa kortisoli. Mwili wenyewe hutengeneza kwa siku kortisoli inayolingana na miligramu 5 hivi za prednisolone. Pumu ikibana, mtu mzima hupewa miligramu 40 hadi 50 kwa siku, kwa siku 5 hadi 7, yaani mara nane au zaidi ya kiasi cha mwili. Neuroni za AgRP zina vipokezi vya kortisoli, na homoni hii huongeza utengenezaji wa AgRP na NPY waziwazi. Pia hufanya ubongo usiisikie leptini vizuri, kwa hiyo akiba ipo tele lakini habari yake haifiki. Njaa ya mama si tamaa, na kumfungia kabati hakumsaidii. Kinachomsaidia ni dozi yote kumezwa asubuhi baada ya chakula, isipokuwa daktari ameagiza vingine. Ikimezwa jioni huleta njaa ya usiku na kukosa usingizi. Msimpunguzie wala kumkatizia wenyewe: aliyeitumia kwa zaidi ya wiki 3 hupunguziwa taratibu kwa maelekezo, maana tezi za juu ya figo zimelala na haziwezi kuamka siku moja. Na kama anahitaji kozi za vidonge mara kwa mara, pumu yake haijadhibitiwa. Aulize kliniki kuhusu dawa ya kuvuta ya kila siku, ambayo kiasi kidogo sana hufika kwenye damu.

Sasa nini cha kufanya na njaa yako. Leptini huwezi kuipandisha bila kurudisha mafuta, kwa hiyo fanyia kazi homoni zile zinazofuata saa na mlo.

Anza na protini. Wanga hushusha grelini vizuri, kisha grelini huruka juu kuliko ilivyokuwa; mafuta huishusha kidogo tu; protini huishusha na kuishikilia kwa saa nyingi. Kwa kilo 77, gramu 80 hadi 95 za protini kwa siku zinatosha, kama figo zako ni nzima. Mayai mawili ni gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa ni 15, kikombe cha mbaazi ni 11, na kipande cha samaki cha gramu 100 baada ya kupikwa ni kama 22. Zigawe kwenye milo yote. Kosa la kawaida ni chai na vitumbua asubuhi, kisha samaki wote kulundikwa kwenye chakula cha usiku. Grelini ya saa nne huja kwa nguvu kwa aliyeanza siku na wanga mtupu.

Tui la nazi lisikukere, ila lipime. Kikombe cha tui zito kina zaidi ya kalori 400, na kwa kuwa ni mafuta halishushi grelini kwa kadiri ya kalori zake. Pikia tui la pili, la kwanza litie vijiko viwili vitatu mwishoni kwa ladha. Soda uliyoiacha usiirudie kwa sura ya juisi: machungwa ya Muheza yale mazima, yakae tumboni na nyuzi zake. Kujaza tumbo maji kabla ya kula hunyoosha ukuta wake na kukupa nafuu ya muda, lakini maji peke yake hayashushi grelini.

Wakati wa kufuturu, utaratibu wa kwetu wa zamani una maana kimaumbile. Tende tatu na maji au uji mwepesi, kisha swala ya magharibi, halafu ndipo mlo. Hizo dakika 15 au 20 huipa CCK na PYY nafasi ya kutoka. Ukirudi mkekani anza na samaki na mbaazi, mihogo na magimbi yafuate, kaimati ziwe za mwisho. Anayefungua kwa kaimati na kuunganisha humo humo hula kabla habari za utumbo hazijafika ubongoni. Daku uile karibu na alfajiri, yenye mayai au maharage, si mkate na chai peke yake.

Usingizi ni dawa inayodharauliwa. Jaribio la mwaka 2004 liliwalaza vijana 12 saa 4 kwa usiku, siku mbili mfululizo: leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ilipanda kwa 28, na njaa kwa 24, ukilinganisha na walipolala saa 10. Anayekesha mpaka saa nane za usiku na simu hawezi kuishinda njaa ya kesho yake kwa nia njema.

Pia hesabu siku za hedhi. Estrojeni huziongezea nguvu neuroni za POMC, kwa hiyo hamu hupungua karibu na siku za yai kutoka, na hupanda wiki moja kabla ya damu. Usiongeze makali ya kubana chakula wiki hiyo; shikilia uzito ulipo. Kwa jumla, ningekushauri ukae kwenye kilo 77 kwa miezi kadhaa kabla ya kushuka tena. Hilo halitaponya leptini, ila unapoacha kula pungufu kila siku, ule ushukaji wa ziada wa leptini unaotokana na uhaba wa leo hupungua, na njaa inakuwa ya kuvumilika.

Kuna njaa zisizo za kuvumilia bali za kupima. Ukianza kula sana huku unazidi kukonda bila kukusudia, ukiwa na kiu na mkojo mwingi, insulini inaweza kuwa imepungua: ubongo unakosa insulini na leptini kwa pamoja, AgRP inapanda, na mtu anakula huku anaisha. Ukila sana na kukonda huku moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na joto la Tanga limekuwa halivumiliki, fikiria tezi ya shingo. Homoni zake zikizidi huongeza matumizi ya nishati na kuamsha NPY na AgRP. Kipimo cha kwanza ni sukari: kabla ya kula, milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, au HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita) asilimia 6.5 au zaidi, ni kisukari, na kama huna dalili hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kwa tezi omba kipimo cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo. Kituo cha afya cha karibu kisipokuwa nacho, ulizia Hospitali ya Bombo.

Kwa mama kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kudanganya. Prednisolone iliyomezwa asubuhi hupandisha sukari hasa mchana na jioni, na alfajiri inaweza kuwa imesharudi kawaida. Mpimeni saa mbili baada ya chakula cha mchana, siku ambayo amemeza dawa. Ikifika milimoli 11.1 au zaidi, mpelekeni kliniki siku hiyo hiyo na pakiti ya dawa mkononi, waone dozi na idadi ya siku.